Jibu la Mama Mapazia

"Umepita nyumba," alisema Mama Mapazia.

"Najua," alijibu Taratibu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani na macho yalikuwa mbele, kama mtu anayefanyiwa mtihani wa udereva.

Basi lilipita geti la kijani, likapita duka la kona ambapo muuzaji aliacha kupima sukari ili aangalie vizuri, kisha likakata kushoto na kuanza kuuzunguka mtaa upya. Sufuria zilizoning'inia juu ya jiko ziligongana. Nyuma, kitandani, Nesi alikuwa amejifunika shuka hadi kichwani, anakoroma. Alikoroma kwa mpangilio mzuri mno. Mtu aliyelala kweli hakoromi hivyo.

"Majirani watasema tumepotea njia."

"Waseme. Nimeendesha basi la shule miaka nenda miaka rudi, na sijawahi kumshusha mtu ambaye hajajiandaa kushuka."

"Mimi nimejiandaa. Mkoba wangu huu hapa mapajani."

"Mkoba umejiandaa. Wewe je?"

Mama Mapazia aligeuza uso dirishani. Alishika ncha ya pazia dogo alilolishona mwenyewe, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Vidole vyake havikutaka kutulia. Tangu asubuhi havikutulia.

Yeye na Taratibu walikuwa wamejuana zamani bila kujuana. Yeye ni mshona mapazia, mjane, mama wa watoto wawili wakubwa. Taratibu ni kaka yake Nesi, na Nesi ndiye shoga yake wa tangu usichana. Jina la Taratibu alipewa na watoto wa shule. Walikuwa wakimpigia kelele, "Dereva, kimbiza!" naye akiwajibu siku zote, "Taratibu, wanangu, nyumbani hakuhami." Mkewe alifariki zamani bila kumwachia mtoto, na alipostaafu, shule ilimwuzia basi lile lile lililochoka. Aling'oa viti, akaweka kitanda, kabati, sinki na jiko la gesi la mafiga mawili. Kisha akamwita Mama Mapazia apime madirisha.

Alikuja na futi yake shingoni. Akapima, akaandika, akasema rangi gani itafaa. Nesi, aliyekuwa amekaa mlangoni anamenya chungwa, akasema, "Shoga, sisi tunaondoka wiki ijayo kwenda kuona barabara inaishia wapi. Kwa nini unashona mapazia usiyoyalalia? Twende."

Naye, bila kujua ujasiri umetoka wapi, akasema, "Haya."

Basi wakaenda. Wanawake walilala ndani. Taratibu alilala nje kwenye hema, upande wa injini, heshima ikiwa katikati.

Siku ya kwanza Mama Mapazia alilivamia jiko kama mtu aliyeajiriwa. Taratibu akamwacha apike. Siku ya pili akamuuliza, "Leo wewe unapenda kula nini?"

"Chochote."

"Chochote hakiuzwi sokoni."

Nesi akacheka hadi akapaliwa. Lakini Mama Mapazia hakucheka. Alisimama mbele ya mafungu ya nyanya, kikapu mkononi, akitafuta jibu, na jibu likakosekana. Mumewe alipougua alipika bila chumvi kwa miaka. Mwanawe hali vitunguu. Binti yake hawezi harufu ya samaki. Alikuwa amepikia midomo ya watu maisha yake yote, na wake mwenyewe hakuwahi kuuuliza.

Jioni ile Taratibu ndiye aliyepika. Samaki wa kukaanga, ndimu nyingi, pilipili ya kumtoa mtu machozi. Mama Mapazia alikula, akalia kwa pilipili, akaendelea kula, akaomba kichwa cha samaki. Tangu hapo walipika pamoja, bega kwa bega mahali ambapo bega moja lingetosha. Mmoja akikata, mwingine anakoroga. Basi likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, mchuzi ulijaa upande mmoja wa sufuria na wao wakalalia upande huo huo, wanacheka kama watoto. Wali ukiiva, waligombania ukoko. Na kila macho yao yalipokutana juu ya mvuke, kila mmoja alijifanya ni moshi uliomwingia.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo ya kurudi, walisimama kando ya barabara kukaanga mayai. Upepo ulikuwa mkali. Taratibu alisimama akiukinga moto kwa mgongo wake, na bila kugeuka alisema:

"Mama Mapazia, nataka nikuoe."

"Mayai yanaungua."

"Yaache yaungue. Sitafuti mpishi, umeona mwenyewe napika. Wala sitafuti wa kuniuguza, nina dada ambaye ni nesi na bado simsikilizi. Nakutafuta wewe."

Aliyaangalia mayai hadi yakawa meusi pembeni. Mwishowe akasema, "Nitakujibu tukifika nyumbani."

Na sasa nyumbani ndipo hapa, panazungukwa.

Walipolipita geti la kijani mara nyingine, sauti ikatoka chini ya shuka. "Kaka, mafuta hayo hatuchoti mtoni! Mshushe shoga yangu, au niteremke mimi nimwoze kwa mwingine!"

Taratibu akakanyaga breki. Akazima injini.

"Tumefika," alisema. "Hujanijibu."

"Niache nishuke kwanza. Nikanyage chini."

Taratibu alimtazama. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kuangalia kwenye kioo kama abiria wote wapo. "Sikukimbizi," alisema. "Lakini usinisahau ukikanyaga chini."

Geti lilifunguka kabla Mama Mapazia hajagonga. Binti yake, Mdogo, msusi wa nywele, alimrukia shingoni. Nyuma yake alisimama Mkubwa, mwanawe, mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, shati limechomekewa hata siku ya mapumziko.

"Mama! Umeungua jua!"

"Umenenepa, mama."

"Unanuka pilipili," Mdogo alisema akimnusa. "Mama yangu na pilipili wapi na wapi?"

Wakamvuta ndani wakicheka. Akacheka nao. Alifika katikati ya sebule akasimama. Kuna kitu kilikosekana, na ilimchukua muda kukijua. Pembeni mwa dirisha, mahali ambapo cherehani yake ilikaa tangu kabla Mdogo hajazaliwa, palikuwa na alama tu za miguu ya meza kwenye sakafu.

"Mkubwa. Mashine yangu iko wapi?"

Mkubwa akatabasamu kama mtu aliyebeba zawadi nyuma ya mgongo. "Tulitaka kukushtukiza. Iko kwangu. Mama, nimekutengenezea chumba. Nimekipaka rangi mwenyewe, na mke wangu amekuwekea kitanda kipya. Umefanya kazi vya kutosha. Utakuja ukae nasi, umlee mjukuu wako, upumzike."

"Na nyumba hii?"

"Kuna mtu anataka kupanga. Mtu mstaarabu. Atakuja kuiona."

Mdogo alikuwa amemshika mkono, anamwangalia usoni akisubiri furaha. Mama Mapazia aliwaona wote wawili, watoto wazuri, watoto wenye huruma, waliokesha wakimpangia maisha kama wanavyopanga viti vya sherehe. Machozi yakamtoka.

"Ona, analia kwa furaha," alisema Mkubwa.

"Ahsanteni, wanangu," mdomo wake ulisema.

Miguu yake haikusema ahsante. Ilianza kutembea. Ilimpeleka jikoni akajaza birika, ikampeleka chumbani, ikamrudisha jikoni akalijaza birika lililojaa. Akafungua dirisha. Akafunga. Jiko lake lilikuwa pana, kila kitu mahali pake, na kijiko kilipoanguka kilianguka mbali, hakukuwa na mkono mwingine wa kukidaka. Alipika chakula cha jioni kama zamani, vitunguu hakutia, samaki hakupika. Akala. Hakikuwa na ladha yoyote.

"Mbona hukai, mama?" Mdogo alimuuliza.

"Nilikaa njia nzima, mwanangu."

Alipolala, kitanda kilikuwa kimetulia mno. Alingoja kitikisike. Hakikutikisika. Mwili ulikuwa umefika nyumbani, lakini roho ilikuwa bado njiani, na haikuwa peke yake huko.

Kesho yake mchana walikuwa mezani wote watatu, Nesi alipoingia na kikapu. Nesi hakujua kubisha hodi. Maisha yake yote alikuwa akiingia kwenye nyumba za watu kuwadunga sindano.

"Umesahau viatu vyako ndani ya basi," alisema, akijivutia kiti na sahani kwa pamoja. "Na yule mtu hajala tangu jana. Anasafisha jiko lililo safi. Nimemwambia, kaka, jiko hilo utalitoboa. Wifi yangu, utanipa jibu nikampelekee, au nimlete mwenyewe hapa akiwa maiti?"

Kijiko cha Mkubwa kilisimama hewani.

"Wifi?"

Nesi akajiziba mdomo. Mkono ulifika baada ya neno kutoka.

"Wifi wa nani?" Mkubwa aliuliza tena, taratibu, kwa sauti ile anayowaulizia watu ofisini kwake stakabadhi iko wapi.

Mama Mapazia aliweka kitambaa mezani. Akakikunja. Safari hii alikilazimisha kikae kimekunjwa.

"Kaka yake Nesi ameniomba tuoane," alisema.

Mdogo alitazama mama yake kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe na kukuta imebadilishwa uso. Mkubwa alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno.

"Yule dereva?"

"Yule dereva."

"Mama. Wewe ni bibi. Una mjukuu."

"Mjukuu hajakataa. Nilimwona kabla ya safari, alikuwa ananyonya."

"Usinitanie, mama! Watu watasema nini? Watasema mama yao alitoka na basi akarudi na bwana. Ndiyo maana ulienda? Ulituambia unaenda na shangazi Nesi kubadilisha hewa."

"Nilienda kubadilisha hewa. Na hewa ikanibadilisha."

"Alilala hemani, Mkubwa," Nesi aliingilia. "Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Na mimi usingizi wangu ni wa zamu ya usiku, inzi akipita najua."

"Shangazi, kwa heshima yako, hili ni la nyumba yetu."

"Nyumba yenu ninayosikia mnaipangisha?" Nesi alisema, akaendelea kula.

Mkubwa akasimama. Shingo ilikuwa imemvimba. "Baba alijenga nyumba hii kwa mikono yake. Alikufa kwenye chumba kile pale. Na wewe ulimshika mkono. Umesahau, mama? Umesahau upesi hivyo?"

Hapo Mama Mapazia naye akasimama. Hakuwa mrefu, lakini Mdogo baadaye alisema siku ile mama yake aliifikia dari.

"Nimsahau? Nani alimgeuza kitandani, mchana na usiku? Nani alionja uji kabla yake ili usimchome? Nilikula bila chumvi miaka yote ile ili asijione peke yake mezani. Nilimpenda baba yako hadi kijiko cha mwisho, Mkubwa. Hakuna deni hapo. Wala hakuna wa kunidai, si yeye, si wewe."

"Basi tulia! Kaa kwangu, upumzike kama akina mama wengine!"

"Nipumzike kwa kulea?"

Mkubwa alichukua ufunguo wa gari kwenye kabati na kutoka. Mlango ulijifunga nyuma yake kwa kishindo ambacho labda hakukikusudia.

"Anaenda wapi?" Nesi aliuliza.

"Anaenda kwenu," alisema Mdogo kwa sauti ndogo. "Anaenda kumfukuza."

Nesi alimtazama Mama Mapazia. Mama Mapazia alimtazama Nesi. Halafu Nesi, ambaye alijua lini mgonjwa anahitaji dawa na lini anahitaji watu watoke chumbani, alibeba sahani yake kwenda uani.

Mdogo alikuwa analia. Alikusanya vyombo kwa haraka, akavipeleka jikoni, akafungulia maji. Mama yake alimfuata. Wakaosha vyombo pamoja, wakiwa wamegeukia ukuta, maana kuna maneno hayasemeki uso kwa uso.

"Unampenda?" Mdogo aliuliza.

"Sijui kama kwa umri wangu linaitwa hivyo. Najua tu kwamba tangu jana sipati pa kukaa."

"Kwani anafanyaje?"

Mama Mapazia alisuuza glasi, akaiangalia kwenye mwanga, akaisuuza tena. "Ananiuliza nataka nini. Kisha ananyamaza, anangoja nijibu. Baba yako alikuwa mtu mwema, lakini alijua jibu kabla sijasema. Na ninyi ni watoto wake, mmechukua kwake. Mmenihamisha bila kuniuliza, mwanangu. Kwa mapenzi. Lakini bila kuniuliza."

Maji yaliendelea kutiririka. Mdogo aliyafunga. Alifuta machozi kwa kiwiko, povu likamkaa shavuni.

"Mimi sitaki mtu mwingine alale chumba cha baba," alisema. "Nakwambia ukweli, mama. Sijui nitaanzia wapi hata kumsalimia."

"Sijakuomba ufurahi leo."

"Na ukimwambia ndiyo, halafu akuumize?"

"Nitaumia. Nimewahi kuumia, sikufa."

Mdogo akavuta pumzi ndefu. Kisha akachukua leso iliyotundikwa, akamfuta mama yake mikono, kidole kimoja kimoja, kama mama yake alivyokuwa akimfuta yeye utotoni. "Basi nenda," alisema. "Nenda kabla Mkubwa hajamaliza kusema. Akianza hotuba huwa hamalizi, una muda."

Alitoka kama alivyo, kwa viatu vya ndani. Mtaa ulikuwa na jua kali na watu walikuwa vibarazani. "Salama, Mama Mapazia?" "Salama." "Umerudi?" "Bado." Alijishangaa kusikia alilojibu, lakini hakusimama kulirekebisha.

Kabla hajafika mbali, gari la Mkubwa lilitokea mbele yake. Likasimama. Kioo kikashuka.

"Panda, mama. Jua kali."

"Nakwenda ulikotoka."

Mkubwa alitazama usukani. Hasira ilikuwa imepungua, imeacha kitu kingine usoni, kama mtu aliyekwenda kupigana akakuta mwenzake amemkaribisha kiti. "Nimemwambia aondoke," alisema.

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nimekula."

"Halafu?"

"Halafu akasema," Mkubwa alikohoa, "akasema, 'Kijana, mimi nimemuuliza mama yako. Nikijibiwa na wewe, si nitakuwa nimekuposa wewe?'"

Mama Mapazia alibana midomo. Kicheko kilimtoka puani hata hivyo. Mkubwa hakucheka, lakini alipandisha kioo haraka, na kwa nyuma ya kioo mama yake aliona bega lake likitikisika. Kwa hasira au kwa kitu kingine, hakuweza kujua. Gari likaondoka.

Basi lilikuwa limeegeshwa uani kwa Nesi, chini ya kamba ya kuanikia nguo, mlango wazi. Taratibu alikuwa ndani amepiga magoti, anazifunga sufuria kwa magazeti moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye boksi. Kuta alizoning'iniza vyombo zilikuwa tupu. Mama Mapazia alisimama kwenye ngazi, pumzi imemwishia.

"Unafungasha."

Aligeuka upesi hivi kwamba aligonga kichwa kwenye kabati. "Nilimwambia kijana wako siondoki hadi nijibiwe. Mdomo ndio uliosema. Alipoondoka tu, mikono ikaanza kufungasha. Nadhani inaogopa."

"Inaogopa nini?"

"Kwamba umekanyaga chini."

Mama Mapazia alipanda ngazi ya mwisho. Ndani mlinukia sabuni na, chini ya sabuni, vitunguu vya safari nzima. Hakukuwa na nafasi ya watu wawili kusimama bila kugusana, na siku zote walikuwa wameomba radhi kwa hilo. Leo hakuna aliyeomba.

"Wamenihamishia mashine yangu," alisema. "Wamenipangia chumba. Wamenitafutia mpangaji. Jana usiku nikajiuliza, nikienda kwako, si nitakuwa nimehamishwa tena?"

Taratibu alinyamaza. Alingoja. Ule ukimya wake, aliokuwa akiukumbuka tangu jana kama mtu anavyokumbuka maji, ulikuwa hapa, mzima, unamsubiri yeye.

"Kwa hiyo sikiliza ninachotaka," aliendelea. "Sihamii kwa mwanangu. Wala sihamii kwenye basi. Nyumba yangu ninaipenda, mashine yangu nairudisha pale dirishani, na wateja wangu sitawaacha na madirisha wazi. Lakini siwezi kukaa pale peke yangu nikijaza birika lililojaa. Nikichoka kutulia, nataka tuwashe injini twende. Nikichoka kwenda, nataka turudi. Na nataka turudi wote."

"Hilo ni jibu?"

"Ni ndiyo. Ni ndiyo yenye maneno mengi. Mimi ni mama wa mhasibu, usishangae."

Taratibu alinyanyua mkono, ukasimama hewani kama mkono wa mtu anayeomba ruhusa darasani. Mama Mapazia aliushika. Ulikuwa mkono mkavu, mzito, una alama ya mafuta ya moto kwenye kifundo. Kwa miaka, mikono yake mwenyewe ilikuwa imegusa vitambaa tu. Alisimama pale ameushika, na kwa mara ya kwanza tangu jana vidole vyake vilitulia.

"Sasa mimi nitakaa wapi siku za kutulia?" Taratibu aliuliza.

"Geti langu ni pana. Washa gari."

"Sasa hivi? Mchana kweupe? Watu wote wanaona."

"Kwani wewe ulitaka kuniposa gizani?"

Mtaa mzima ulitoka kuliangalia basi likirudi. Lilikwenda mwendo wake ule ule, na watoto wakaweza kutembea sambamba nalo bila kukimbia. Mama Mapazia alikaa mbele, mgongo umenyooka, moyo unamwenda mbio kuliko magurudumu. Nesi alikuwa tayari barabarani na sahani yake, anashangilia kabla hata hajaambiwa.

Mkubwa alisimama ndani ya geti, mikono mfukoni. Mlango mdogo tu ndio uliokuwa wazi. Basi likasimama mbele yake, injini inanguruma. Hakusogea.

Mama Mapazia akashuka.

"Mama," Mkubwa alisema. "Mpangaji anakuja kesho kuiona nyumba."

"Mwambie nyumba ina watu."

Akampita. Akavuta komeo la geti kubwa. Lilikuwa na kutu. Akalipiga kwa kiganja hadi likalegea. Upande wa kulia ulifunguka. Wa kushoto ulikataa. Akaweka bega, akasukuma. Viatu vyake vya ndani vikateleza kwenye changarawe. Akasukuma tena. Mdogo alisimama mlangoni, mkono kifuani. Taratibu alifungua mlango wa basi ili ashuke kusaidia, na Mama Mapazia, bila kugeuka, akamwonyesha kiganja: kaa hapo.

Akasukuma mara ya tatu. Upande huo haukusogea hata kidogo. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

Hatua zikasikika nyuma yake. Mkubwa alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Huu lazima uunyanyue kwanza," alisema, haangalii mtu. "Baba aliuweka vibaya. Sogea, mama."

Akaunyanyua, akausukuma. Geti lililia, likafunguka lote. Mkubwa alijipangusa kutu kwenye suruali yake safi. Akaliangalia basi, upana wake, akaziangalia nguzo za geti, akatikisa kichwa.

"Halitaingia hivyo," alisema kwa sauti kavu. "Atakwangua nguzo. Nguzo hizi baba alizijenga mwenyewe."

"Mwelekeze basi," Mama Mapazia alisema.

Mkubwa alisimama pale muda mrefu kidogo, taya limekaza. Kisha akarudi nyuma hatua chache hadi katikati ya ua, akageuka, akanyanyua mikono yote miwili usawa wa kifua, kama wafanyavyo watu wanaojua magari. Macho yake na ya yule mzee yakakutana kupitia kioo.

"Kata kulia, mzee," alisema. "Kulia zaidi. Simama hapo. Nyoosha."

Basi likanyooka.

"Sasa njoo," alisema Mkubwa. "Njoo. Taratibu. Njoo."